Kalenda ya Udongo: Bustani Hai Kutoka Kipupwe Hadi Masika

Kilimo hai ni mfumo wa kuzalisha chakula unaotegemea rutuba inayojengwa na viumbe wa udongoni, mabaki ya mimea, samadi na mpangilio mzuri wa mazao, pasipo kutumia mbolea za chumvichumvi wala viuatilifu vinavyotengenezwa viwandani. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha pamoja cha mazao ya aina hii, kilichopitishwa mwaka 2007 na kupewa alama ya Kilimohai, na kanuni za kilimo hicho zinaifaa bustani ya nyuma ya nyumba kama zinavyolifaa shamba kubwa linalouza mazao nje ya nchi. Iliyo kuu kati ya kanuni hizo ni kwamba mkulima huulisha udongo, na udongo ndio unaoulisha mmea. Kwa kuwa udongo hupokea na kutoa chakula hicho kwa kufuata mwendo wa mvua na jua, mwaka wa bustani hai huanza mapema kuliko siku ya kupanda: huanza katika miezi mikavu, na mavuno ya msimu wa mvua hutegemea kwa kiasi kikubwa kazi iliyofanyika kabla mvua haijanyesha.

Kalenda inayoelezwa hapa ni ya maeneo yenye misimu miwili ya mvua, kama vile pwani ya kaskazini ya Tanzania, Tanga, Kilimanjaro, Arusha na sehemu za Morogoro. Huko masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, kipupwe chenye ubaridi na ukavu hufuata Juni hadi Agosti, vuli huja Oktoba hadi Desemba, na joto kali hutawala Januari na Februari. Mvua inaweza kuwahi au kuchelewa, lakini mfuatano wa kazi za bustani haubadiliki.

Udongo wa nchi za joto

Udongo mzuri wa bustani, ukipimwa kwa ujazo, karibu nusu yake ni chembechembe za madini yaliyotokana na miamba, na nusu iliyobaki kwa sehemu kubwa ni nafasi za maji na hewa. Mabaki ya viumbe yaliyooza huchukua sehemu ndogo tu, mara nyingi chini ya asilimia 5, lakini ndiyo yanayozishikamanisha chembechembe za madini, yanayohifadhi maji na yanayowalisha bakteria, kuvu na minyoo wanaokigeuza kila kinachooza kuwa chakula cha mizizi. Katika nchi za joto mabaki hayo huoza na kutoweka haraka kuliko katika nchi za baridi, kwa sababu viumbe wa udongoni hufanya kazi kwa kasi kila panapokuwa na joto na unyevu. Kwa hiyo, rutuba iliyoongezwa mara moja haidumu miaka mingi, na mkulima wa Afrika Mashariki hana budi kuirudishia ardhi mabaki ya mimea kila msimu.

Adui mwingine wa udongo huu ni kuachwa uchi. Jua likipiga moja kwa moja, tabaka la juu hupata joto linaloua viumbe wengi na kukausha mizizi myembamba. Mvua ikipiga moja kwa moja, matone yake huvunja mabonge madogo ya udongo, na vumbi lake huziba vitundu ambavyo maji yalipaswa kupitia, hata maji yakatiririka juu na kuondoka na rutuba. Kazi za misimu yote zinazofuata, zikitazamwa kwa makini, zinalenga mambo mawili tu, nayo ni kuulisha udongo na kuuvika.

Mwisho wa masika na kipupwe: wakati wa mboji

Masika yanapoisha mwezi Mei, majani mabichi yamejaa kila mahali na magugu mengi hayajatoa mbegu. Huo ndio wakati bora wa kutengeneza mboji, yaani mbolea inayopatikana kwa kurundika mabaki ya mimea na samadi yaoze pamoja kwa utaratibu maalumu. Lundo lenye upana wa mita 1.5 na kimo kinachokaribia hapo huanzishwa kwa vijiti vya kupitisha hewa, kisha hupangwa kwa tabaka: mabaki makavu kama mabua na nyasi, majani mabichi, samadi, na udongo kidogo uliochanganywa na majivu. Mabaki makavu yana kaboni nyingi, ambayo viumbe waozeshao huitumia kama nguvu. Majani mabichi na samadi yana nitrojeni nyingi, ambayo huijengea miili yao. Lundo huoza vizuri kaboni inapokuwa mara 25 hadi 30 ya nitrojeni. Lisilo na mabichi ya kutosha hukaa miezi mingi bila kubadilika, na lenye mabichi kupita kiasi hutoa harufu mbaya kwa sababu nitrojeni hupotea hewani.

Ndani ya siku chache joto la lundo hufikia nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, kiwango kinachotosha kuua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Wakulima huchomeka fimbo ndefu katikati ya lundo na kuichomoa mara kwa mara: ikitoka na joto na unyevu, kazi inaendelea, ikitoka kavu, lundo linahitaji maji. Baada ya wiki mbili au tatu lundo hugeuzwa ili sehemu za nje ziingie ndani, na baada ya miezi miwili hadi mitatu mboji huwa nyeusi, yenye kumomonyoka mkononi na kunukia kama udongo wa msituni. Lundo la mwanzo wa Juni huwa tayari Agosti au Septemba, wakati unaofaa kabisa kwa maandalizi ya vuli. Samadi mbichi, kwa upande mwingine, haifai kuwekwa kwenye mboga za majani, kwa sababu inaweza kuunguza miche na kubeba vimelea vya tumbo. Ikilazimu kutumika bila kuozeshwa, ifukiwe angalau miezi minne kabla ya kuvuna.

Kipupwe pia ni msimu wa mazao yanayofaidika na ubaridi au ukavu wa hewa. Kabichi, karoti, vitunguu na nyanya hustawi vizuri panapokuwa na maji ya kumwagilia, kwa kuwa ukavu wa hewa hupunguza magonjwa ya kuvu. Bustani ya mboga hutumia takribani lita 4 hadi 6 za maji kwa kila mita ya mraba kwa siku, na hesabu hiyo hupungua waziwazi pale udongo unapofunikwa kwa matandazo, yaani nyasi au majani makavu yanayotandazwa kwa unene wa sentimita 5 hadi 10 bila kugusa mashina. Katika msimu huu vitanda huchimbwa chini kidogo ya usawa wa ardhi ili maji yasipotee pembeni.

Kabla ya vuli: kuiwahi mvua ya kwanza

Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Muguga karibu na Nairobi, alichapisha maelezo ya jambo ambalo wanasayansi wa udongo bado wanaliita kwa jina lake. Alionyesha kwamba katika udongo uliokauka kisha ukalowana mabaki ya viumbe huanza kuoza kwa kasi isiyo ya kawaida, na katika siku chache udongo huo huachilia nitrojeni nyingi kuliko udongo uliokuwa na unyevu muda wote. Sababu mojawapo ni kwamba ukavu huua sehemu ya viumbe wa udongoni na kulegeza mabaki yaliyokuwa yameshikamana na udongo. Maji yanaporudi, viumbe waliosalia hupata karamu na kuongezeka ghafla.

Maana yake kwa mwenye bustani ni kubwa. Mvua ya kwanza ya vuli huleta maji pamoja na mbolea, lakini nitrojeni hiyo huyeyuka katika maji na kuzama chini kadiri mvua inavyoendelea. Bustani yenye mizizi tayari huinyonya. Bustani ambayo mkulima wake anasubiri mvua ikolee ndipo aanze kulima huipoteza. Kwa sababu hiyo vitanda vinapaswa kuwa vimekamilika mwishoni mwa Septemba, vikiwa vimechanganywa na mboji kiasi cha debe moja la lita 20 kwa kila mita 2 za mraba. Miche ya nyanya, inayohitaji wiki nne hadi tano kitaluni, huanza kuoteshwa katikati ya Septemba. Kitalu hicho kisimwagiliwe kupita kiasi wala kusongamana, kwani unyevu na msongamano huleta kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaokata shina la mche usawa wa udongo.

Wakati wa vuli mazao ya muda mfupi kama mchicha, kunde za majani, figili na bamia hulipa haraka. Kuchanganya mimea ya jamii ya kunde na mboga nyingine kuna faida ya ziada, kwa kuwa mizizi ya kunde hufuga bakteria ndani ya vifundo vidogo, nao huchukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mmea wa kunde unapoondolewa, ni afadhali shina likatwe na mizizi iachwe ardhini.

Joto la Januari na Februari

Katika miezi hii ya joto wadudu huzaana kwa kasi. Vidukari na inzi weupe hufyonza utomvu na kueneza virusi, utitiri hukausha majani, na kantangaze, kiwavi wa nondo aliyetokea Amerika Kusini, hupekecha majani na matunda ya nyanya. Kinga ya kwanza ni afya ya mmea na uwepo wa maadui wa asili kama vile bibikobe na nyigu wadogo, ambao huvutwa na maua ya giligilani na alizeti yaliyopandwa kingoni. Wadudu wanapozidi, mbegu za mwarobaini zilizomenywa na kutwangwa, gramu 50 kwa kila lita ya maji, hulowekwa usiku kucha, huchujwa na kuchanganywa na sabuni kidogo, kisha hunyunyizwa jioni. Kiini chake, azadiraktini, huzuia wadudu kula na kukua, lakini huvunjwa na mwanga wa jua, na ndiyo maana asubuhi si wakati mzuri wa kunyunyiza.

Mzunguko wa mazao nao hupangwa wakati huu kabla ya masika. Nyanya, bilinganya, pilipili, nyanya chungu na viazi mviringo ni jamii moja na hushambuliwa na mnyauko bakteria, ugonjwa unaoishi udongoni, hivyo kubadilisha nyanya kwa bilinganya si mzunguko wa kweli. Mpango unaofaa ni kuanza na mboga za majani zinazohitaji rutuba nyingi, kufuatisha mazao ya matunda, kisha ya mizizi, na kumalizia na jamii ya kunde inayoirudishia ardhi nguvu.

Masika: kuyaongoza maji

Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, na mvua moja kubwa ya masika inaweza kuleta makumi ya lita kwa saa chache juu ya kila kitanda. Vitanda vilivyozamishwa wakati wa kipupwe sasa huinuliwa sentimita 20 hadi 30, na kwenye miteremko makinga maji huchimbwa kukatiza mteremko, yakishikiliwa na nyasi kama vetiva au matete. Mboga za majani hustawi sana, ila nyanya hupatwa na bakajani chelewa, ugonjwa unaoenea majani yanapokaa na maji kwa muda mrefu. Kwa hiyo ni busara kuipanda nyanya kuu mwishoni mwa masika ili izae wakati wa kipupwe, na ile iliyopo ifungwe kwenye miti na kupunguzwa majani ya chini.

Mvua zinapoelekea kukoma, sehemu isiyohitajika kwa mboga hupandwa mbolea hai, yaani mimea inayooteshwa ili kuurutubisha udongo. Fiwi, kunde na marejea hufaa. Marejea, iliyoenezwa katika karne ya 20 na wamisionari wa Kibenedikto wa Peramiho mkoani Ruvuma, huongeza nitrojeni na kupunguza minyoo fundo inayovimbisha mizizi ya nyanya. Hukatwa inapoanza kutoa maua, kabla mashina hayajakomaa, na kuachwa juu ya ardhi kama matandazo.

Mvua moja, kanuni ile ile

Maeneo yenye msimu mmoja wa mvua yana ushahidi wa kale zaidi wa hekima hii. Wamatengo wa Mbinga hulima miteremko mikali kwa ngoro: karibu na mwisho wa mvua, nyasi hukatwa na kupangwa kwa safu zinazopishana kama miraba, kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kuzifunika, hata shimo likabaki katikati ya kingo nne. Maharage hupandwa juu ya kingo hizo na mahindi hufuata mvua za msimu unaokuja, wakati nyasi zilizofukiwa zimekwisha kuoza. Mashimo huyapokea maji yasitiririke, na kingo huwa mboji iliyo papo hapo shambani.

Kwa familia yenye eneo dogo, mwanzo mzuri ni lundo moja la mboji mwezi Juni na kitanda kimoja kisichoachwa wazi mwaka mzima, kikiwa na mazao, matandazo au mbolea hai. Kitanda hicho kisitarajiwe kubadilika kwa msimu mmoja, kwa kuwa mabaki ya viumbe hujilimbikiza polepole na hupotea upesi yakipuuzwa. Lakini kila msimu kitakapohudumiwa kwa wakati wake, kitashika maji kwa muda mrefu zaidi, kitahitaji dawa kidogo zaidi, na kitaendelea kutoa mboga pale ambapo ardhi iliyoachwa wazi imekwisha kuchoka.