Upana wa rimu kwa matairi ya mashindano
Upana wa rimu ni umbali kati ya kingo zake mbili, upande wa ndani tairi linapokaa. Hupimwa kwa inchi. Tairi la mashindano lisilo na kashata (si lile la kawaida lililokwisha na kuwa kipara) hushika lami kavu kwa uso wake wote. Rimu ikiwa nyembamba mno, tairi huvimba katikati na kuyumba kwenye kona. Ikiwa pana mno, mbavu hunyooshwa na rimu hugongeka kirahisi. Tairi la barabarani la 205/50 R15 hukubali rimu ya inchi 5.5 hadi 7.5, kwa la mashindano hufuatwa orodha ya mtengenezaji. Kwenye njia ya udongo iliyolowa masika, iwe Makangale kisiwani Pemba au kwingineko, huteleza tu, hata rimu iwe sahihi. Safari Rally, iliyoanza 1953, hukimbiwa kwa matairi yenye kashata.