CHAKULA CHETU NI KINGA, DAWA ZETU ZIPIMWE

Mtaji wa kwanza wa mfanyakazi ni mwili wake. Mchukuzi wa bandari ya Malindi, mvuvi wa Nungwi na mkulima wa Makunduchi hawana akiba nyingine. Mwili ukianguka, nyumba nzima imeanguka nao. Kwa hiyo suala la chakula lastahili kujadiliwa katika matawi yetu kama yajadiliwavyo mishahara na bei.

Wazee wetu walikula mtama, uwele, muhogo, majimbi, kunde na choroko, kwa mchicha au kisamvu na samaki wa pwani. Katika karne ya 19 ardhi nzuri ya magharibi ya Unguja ilitwaliwa kwa mikarafuu na minazi. Kisiwa kikaanza kutegemea nafaka ya ng'ambo, na wali mweupe ukawa alama ya heshima. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942, mchele uliotoka huko ukakatika, na muhogo uliodharauliwa ndio uliowavusha watu.

Weupe wa chakula si ubora wake. Katika miaka ya 1890 daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, aliona huko Java kwamba kuku waliolishwa mchele uliokobolewa sana walipooza miguu, nao walipopewa mchele wenye ganda lake la ndani walipona. Pumba iliyotupwa ndiyo iliyokuwa na kinga.

Leo tunakunywa chai iliyojaa sukari kwa boflo, na jioni chipsi kwa soda. Kisukari na shinikizo la damu, yaliyodhaniwa zamani kuwa maradhi ya matajiri, yamebisha hodi Ng'ambo na mashamba. Aliyezoea mkate wa mofa, kunde na mboga za majani hana haja ya kuuonea haya mlo wake mbele ya mtu yeyote.

Sasa tuzungumze juu ya dawa za miti. Wapo wanaozicheka, na wapo wanaoziamini bila kuuliza. Wote wawili wamekosea. Mama anayetwanga kisamvu na kukichemsha sana anaiondoa sumu iliyomo. Hiyo ni elimu, ijapokuwa haikuandikwa kitabuni. Mafuta ya karafuu yametumiwa na waganga wa meno duniani kote. Huko China, Tu Youyou na wenzake waliuchunguza mmea wa kale wa kutibu homa, na mwaka 1972 wakapata kiini chake, atemisinini. Mwaka 2015 bibi huyo akatunukiwa Nishani ya Nobel. Dawa ya mseto iliyotokana na kiini hicho ilianza kutumika Zanzibar mwaka 2003, na pamoja na vyandarua na upigaji dawa majumbani, malaria ikapungua mno.

Lakini jani hilo liliaminiwa baada ya kupimwa. Muarobaini umepewa sifa ya kutibu maradhi arobaini, na hali mafuta ya mbegu zake yamepata kuwadhuru vibaya watoto wachanga. Mgonjwa wa kisukari anayeacha sindano yake kwa kuahidiwa chupa ya majani yasiyo na kipimo anaichezea roho yake, na anayemuuzia chupa hiyo ni mnyonyaji kama mnyonyaji mwingine yeyote.

Tanzania Bara kilianzishwa kitengo cha kuchunguza dawa za asili hapo Muhimbili mwaka 1974. Njia hiyo ndiyo ya haki: mganga mwaminifu aoneshe mti wake, mtaalamu aupime, mwananchi apate faida.

Basi, ndugu, kila mwenye uwanja apande mchicha na mzunze. Sukari ipunguzwe kikombeni. Mwenye kunywa dawa ya miti amwambie daktari wake bila ya kuficha, naye daktari amsikilize bila ya dharau. Taifa haliwezi kujengwa na watu walio vitandani.