Vampire: The Eternal Struggle (upangaji wa karata)

Vampire: The Eternal Struggle ni mchezo wa karata za kukusanya uliobuniwa na Mmarekani Richard Garfield na kutolewa mwaka 1994 kwa jina la Jyhad. Kwa kawaida huchezwa na watu wanne au watano, kila mmoja akija na karata alizozipanga mwenyewe.

Karata hizo ni za mafungu mawili: wanyonya damu, wasiopungua 12, na karata za vitendo na mapigano, 60 hadi 90.

Kila mchezaji huanza na pointi 30, zikiisha ametolewa. Ugumu ni kwamba pointi hizohizo ndizo hulipia wanyonya damu. Mwenye uwezo wa 10 hugharimu pointi 10, yaani theluthi ya uhai wa mchezaji, tena huchukua zamu kama tatu kumtoa. Wadogo hutoka upesi, ila ni dhaifu.

Kosa la wanaoanza ni kuchanganya mno. Karata nyingi humtaka mnyonya damu mwenye kipaji fulani. Akikosekana, karata hukaa bure mkononi, na mkono ni karata saba tu. Kwa kuwa nakala hazina kikomo, heri kuweka karata moja nzuri mara nane kuliko nane tofauti.

Mchezaji humwinda jirani wa kushoto huku akiwindwa na wa kulia. Kumtoa wa kushoto huleta pointi 6, lakini aliyepanga mashambulizi matupu, bila karata za kuzuia, mara nyingi hutolewa kabla hajazipata.