Wako Wangapi Sasa Hivi?

Mzazi anayetafuta kituo cha kulelea mtoto mchana huangalia rangi za ukutani, ada, na kibali kilichotundikwa ofisini. Hilo la mwisho lina uzito wake. Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya namna hiyo visajiliwe, na maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndio wanaopaswa kuvitembelea. Kituo kisichosajiliwa hakina anayekiuliza. Lakini kibali kinakuambia tu kwamba siku mkaguzi alipofika, jengo, vyoo, uzio na makaratasi vilimridhisha. Hakikuambii ni nani anamtazama mwanao saa nne na robo asubuhi, mlezi mmoja akiwa anabadilisha pampasi na mwenzake ameitwa getini.

Septemba 2022, mjini Makinohara, Japani, mtoto wa kike wa miaka 3 aliachwa ndani ya basi la chekechea kwa takriban saa tano, akafa kwa joto. Siku hiyo dereva wa kawaida hakuwepo, na mkuu wa chekechea mwenyewe ndiye aliyeendesha. Basi lilipofika, hakuna aliyepita kiti kwa kiti mpaka nyuma. Kwenye mfumo wa mahudhurio mtoto aliandikwa kuwa amefika. Darasani alionekana hayupo, lakini hakuna aliyepiga simu nyumbani kuuliza. Mwaka uliotangulia, Julai 2021, mtoto wa kiume wa miaka 5 alikuwa amekufa vivyo hivyo mjini Nakama, hukohuko Japani.

Katika mkasa wa Makinohara sioni mtu katili. Naona watu kadhaa, kila mmoja akiamini mwenzake ameshaangalia. Japani si nchi isiyo na kanuni wala vibali, na bado mtoto alipita katikati ya watu wazima wote hao bila kuonekana. Serikali ya Japani ilijibu kwa kuagiza kwamba kuanzia Aprili 2023 mabasi ya watoto wadogo yafungwe kifaa cha tahadhari. Aina mojawapo hupiga kelele injini ikizimwa, na haitulii mpaka mtu atembee hadi nyuma ya basi akaizime. Naipenda akili hiyo kwa sababu haimwombi dereva akumbuke. Inamlazimisha atembee, na akitembea ataona.

Noah na Hiace zetu zinazobeba watoto hazina haja ya kusubiri kifaa. Matroni akiweka daftari la majina kwenye kiti cha mwisho kabisa, hawezi kushuka na kufunga mlango bila kwenda kulichukua. Gari lililofungwa juani linaweza kuongeza nyuzi 10 hivi za joto kwa dakika kumi tu, na mwili wa mtoto mdogo hupanda joto kwa kasi mara tatu hadi tano kuliko wa mtu mzima. Kushusha kioo cha dirisha kidogo hakusaidii kitu.

Nimekaa na mfano wa basi kwa sababu unaonyesha mahali hatari inapokaa. Watoto hupotea kwenye makabidhiano: kutoka gari kwenda darasani, darasani kwenda uwanjani, uwanjani kwenda kunawa mikono, mlezi wa asubuhi akimwachia wa jioni. Mchezo ukishakolea na kila mlezi yuko mahali pake, hatari hupungua. Ndiyo maana kituo kizuri huhesabu watoto kabla ya kutoka na huhesabu tena baada ya kufika, kila mara, hata kama safari ni ya kuvuka varanda. Na kihesabu kwa majina, uso kwa uso. Idadi peke yake hudanganya: kumi na wawili walitoka, kumi na wawili wameingia, kumbe mmoja ni mtoto wa jirani aliyejichanganya nao, na wako yuko nyuma ya tangi la maji.

Head Start, mpango wa malezi ya awali wa Marekani ulioanza mwaka 1965, huwafundisha walezi kwamba kusimamia ni kazi ya mwili mzima. Mlezi husimama mahali ambapo hakuna kona inayomficha mtoto, huzungusha macho, huhesabu, na husikiliza. Kusikiliza kunadharauliwa sana. Kelele za watoto hazitishi; kinachopaswa kumwinua mlezi kitini ni ukimya wa ghafla kutoka upande wa bafuni. Mtoto anayezama hapigi kelele, na maji ya kina cha sentimita tano kwenye beseni yanamtosha. Kwa hiyo ndoo humwagwa mara tu kazi inapoisha, na pipa huwa na mfuniko ambao mtoto hawezi kuufungua. Mkaguzi akikuta ndoo imejaa pembeni ya mlango wa choo, amekuta kosa kubwa kuliko rangi iliyobanduka.

Halafu kuna uwiano, yaani mlezi mmoja kwa watoto wangapi. California inaruhusu wachanga wanne kwa mlezi mmoja. Uingereza, upande wa England, ni watatu kwa walio chini ya miaka miwili. Kwa wenye miaka miwili, Septemba 2023 serikali iliruhusu watano badala ya wanne, kwa nia ya kupunguza gharama, na walezi wengi walipinga. Mimi niko upande wa walezi. Nambari hizo zinafaa tu ikiwa mlezi anayehesabiwa hana kazi nyingine. Kwetu, dada yuleyule anapika uji, anafua, anapokea ada na anapokea simu za wazazi, lakini kwenye ripoti anasomeka kama mlezi kamili. Mshika mawili moja humponyoka, na hapa kinachoponyoka ni mtoto. Walezi wawili wanaopiga soga bega kwa bega, macho yakielekea upande mmoja, ni mlezi mmoja. Mwenye simu mkononi hahesabiki.

Saa ya kulala ndiyo inayowadanganya wengi, kwa kuwa chumba kimetulia. Mtoto mchanga alazwe chali, kwenye godoro gumu, bila mto wala blanketi zito karibu na uso. Marekani ilipoanza kampeni ya kuwahimiza wazazi kulaza watoto chali mwaka 1994, vifo vya ghafla vya wachanga usingizini vilishuka kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. California inamtaka mlezi amfikie kila mchanga aliyelala kila baada ya dakika 15, amtazame anavyopumua na rangi ya ngozi yake, na aandike. Kuchungulia mlangoni hakutoshi, maana kutoka mlangoni kila mtoto anaonekana amelala.

Wakati wa kula, tatizo ni koo. Karanga nzima, pipi, jojo na mbegu za ubuyu hazifai kwa mtoto wa chini ya miaka minne, hata kama nyumbani amezoea. Watoto wale wakiwa wameketi, na mlezi akae nao mezani badala ya kutumia nafasi hiyo kuosha vyombo. Angalau mtu mmoja kituoni awe amejifunza kwa vitendo namna ya kumsaidia mtoto aliyepaliwa, na awepo kila siku kituo kinapofunguliwa.

Jengo nalo lisisahaulike. Juni 5, 2009, moto uliteketeza kituo cha kulelea watoto mjini Hermosillo, Meksiko, wakafa watoto 49. Kilikuwa kituo halali, kikifanya kazi kwa mkataba na taasisi ya taifa ya hifadhi ya jamii, lakini jengo lilikuwa ghala lililogeuzwa matumizi, na moto ulianzia kwenye ghala la jirani. Njia za kutokea hazikutosha, hadi raia mmoja akagonga ukuta kwa gari lake ili kutoboa matundu ya kuwatolea watoto. Meksiko ilipata sheria mpya ya vituo hivyo mwaka 2011. Kwa hiyo ukikagua kituo, tazama pia ukuta wa pili una nini: karakana ya kuchomelea, duka la mitungi ya gesi, stoo ya magodoro. Kisha uulize mlango wa pili uko wapi na ufunguo wake anao nani.

Mzazi ana swali moja ambalo hakuna kituo kinachoweza kulipamba. Ukifika, mwulize mlezi wa kwanza utakayemkuta: wako wangapi sasa hivi? Asipojibu papo hapo, au akikutuma ofisini kwenye daftari, umeshajua. Na maafisa wetu wa ustawi wasipeleke taarifa ya ziara wiki moja kabla, wala wasifike saa mbili asubuhi uwanja ukiwa umefagiliwa. Waende saa sita na nusu, uji umekwisha, nusu ya watoto wanalazwa, nusu wananawa, na mlezi mmoja ameomba ruhusa ya kwenda benki.