Nani anaamua katika mji wetu?

Jumapili moja, nyuma ya ibada, mama sita wauzaji wa soko walitungojea mbele ya ofisi ya parokia. Mkubwa wao, anayeuza ndagala na unga wa muhogo, alisema kwa niaba ya wote: jetoni ya soko, ile wanayolipa kila asubuhi, imeongezwa mara mbili tangu Ijumaa, na anayekataa kulipa anachukuliwa bidhaa yake. «Pasta, mtusemee kwa meya,» akamaliza, na wengine wakaitika.

Tulijibu kama wachungaji wengi wangejibu: tuliahidi kwenda. Jumatatu tukavaa koti, tukaanza kwa burgumestre, kwa sababu soko liko ndani ya komini yake. Alitupokea vizuri, akatueleza ya kwamba soko lile ni la mji, si la komini. Tukapanda hadi ofisi ya mji. Kule karani mmoja alituuliza swali moja tu: «Mnalalamikia agizo gani? Namba yake ngapi?» Hatukuwa na namba. Hatukujua hata kama kuna agizo. Tulirudi na aibu kidogo, maana sisi tuliosoma chuo cha teolojia, tunaoweza kueleza kwa saa nzima jinsi sinodi inavyoamua, hatukujua jinsi mji tunaokaa ndani yake unavyoamua.

Ndipo tukaanza kusoma. Haya tunayoandika hapa ni yale tuliyoyaelewa, kwa faida ya parokia zetu zote, kwa sababu tunajua mama hao hawako peke yao.

Sheria ya kufungua kwanza ni ile namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008. Inasema katika inchi yetu kuna sehemu nne za chini zinazojiendesha zenyewe: mji, komini, sekta na sheferi. Kujiendesha maana yake ni kuwa na bajeti yako, mali yako, na baraza lako la kuamua. Angalia vizuri yasiyotajwa: kartie haimo, avenyu haimo, nyumba kumi haimo. Shefu wa kartie ni mtumishi wa utawala. Akija mlangoni na habari ya kodi mpya, yeye ni mjumbe. Uamuzi umetoka mahali pengine, na ni haki ya raia kuuliza umetoka wapi.

Mji una viungo viwili. Cha kwanza ni baraza la mji, linaloandikwa katika karatasi za serikali conseil urbain. Hilo linajadili na kupiga kura. Cha pili ni kamati ya utekelezaji: meya, meya msaidizi, na wasaidizi watatu wanaoitwa échevins. Komini nayo ina baraza lake, na burgumestre pamoja na msaidizi wake na échevins wawili. Raia anachagua washauri wa komini moja kwa moja. Washauri wa komini ndio wanaochagua washauri wa mji, na baraza la mji ndilo linalomchagua meya. Hivyo kwa sheria, mkaaji wa Kimemi au Bulengera kule Butembo, wa Kadutu kule Bukavu, wa Mangobo kule Kisangani, anapompigia mtu kura ya ushauri wa komini, ndiye anayeanza kumweka meya. Wengi wetu tunaidharau kura hiyo. Tunakumbuka ya raisi na ya wabunge, ile ya komini tunaiona ni ya watoto.

Sasa baraza likiketi, linafanya nini? Anayependa hotuba kubwa atasinzia. Kazi yake ni taka, mifereji, masoko, taa za barabara, machinjio, makaburi, maegesho ya magari na mapikipiki. Mambo ya harufu na matope. Lakini ni hayo yanayoamua kama mvua ya Novemba itaingia nyumbani mwako au itapita.

Tuchukue mfano wa machinjio. Watu wa kartie fulani wanalalamika damu inateremka katika mto ambamo watoto wanachota maji. Mshauri wao anapeleka jambo kwa ofisi ya baraza. Ofisi hiyo ina watu watatu: mwenyekiti, msaidizi wake, na mwandishi. (Katika kikao cha kwanza kabisa, mbele ofisi haijachaguliwa, anayeongoza ni mshauri mwenye umri mkubwa kupita wote, akisaidiwa na vijana wawili wenye umri mdogo kupita wote. Jambo hilo lilitufurahisha. Wazee wa kanisa wangelipenda.) Ofisi ikikubali, jambo linaingia katika orodha ya mambo ya kikao, na washauri wanapelekewa mwaliko pamoja na karatasi. Jambo ambalo halimo katika orodha ni vigumu kujadiliwa siku hiyo, hata kama watu mia wamesimama inje wakipiga kelele. Kwa hiyo anayetaka baraza limsikie asije siku ya kikao. Aje mapema, wakati orodha bado inaandikwa.

Siku ya kikao majina yanaitwa moja moja. Kama zaidi ya nusu ya washauri hawapo, hakuna kikao, wanarudi nyumbani. Kisha inasomwa PV ya kikao kilichopita, inasahihishwa na kukubaliwa. Hapa wasomaji wetu waliokaa katika halmashauri ya parokia wanatabasamu, kwa sababu wanajua vita vinavyoweza kuzuka juu ya sentensi moja ya PV. Kisha jambo la machinjio linaelezwa, washauri wanauliza, na mara nyingi linapelekwa kwa tume ndogo. Tume inakwenda kuona mahali, inamsikiliza mkuu wa machinjio, inamsikiliza mganga, na kurudi na ripoti. Hapo ndipo kazi yenyewe inafanyika. Katika kikao cha wote watu wanasema ili wasikiwe; katika tume wanahesabu mifuko ya simenti.

Ripoti ikirudi, maandishi yanajadiliwa kifungu kwa kifungu, kisha kura. Kinachotoka kinaitwa azimio la baraza, décision. Meya anapolitekeleza anatia saini agizo lake, arrêté. Maneno hayo mawili tungeomba kila katibu wa parokia ayaandike ukutani, kwa sababu yana watu wawili tofauti nyuma yao: azimio linatoka kwa wale walioketi na kujadili, agizo linatoka kwa yule anayetekeleza. Kila moja lina namba na tarehe. Karani aliyetuuliza namba hakuwa anatufukuza. Alikuwa anatufundisha, ingawa kwa sura kali.

Juu ya mji yuko gavana wa jimbo, anayeangalia maamuzi. Mengine yanapita kwake mbele ya kutumika, kama bajeti na kodi mpya. Mengine anayaangalia nyuma ya kutolewa. Hiyo ni sababu moja inayofanya jambo lililopigiwa kura lisionekane barabarani kwa miezi. Si kila mara uvivu. Mara nyingine karatasi iko njiani, na mara nyingine imelala mezani mwa mtu.

Na feza? Hapa tunaomba uvumilivu kidogo wa hesabu. Katiba ya 2006 inasema, kati ya mapato ya taifa, sehemu ya majimbo ni asilimia 40. Sheria ya 2008 inaongeza: katika sehemu hiyo ya majimbo, miji, komini, sekta na sheferi zina haki ya asilimia 40. Yaani kwenye franka 100 za mapato ya taifa, 40 ni za majimbo, na ndani ya hizo 40, franka 16 zingefika kwetu chini. Zingefika. Kila aliyewahi kufanya kazi katika komini anajua ya kwamba kinachofika ni kidogo sana na hakifiki kwa wakati. Basi mji unaishi kwa nini? Kwa jetoni ya mama wa ndagala, kwa maegesho, kwa karatasi za ofisi ya raia. Serikali ya juu isipotoa sehemu yake, mzigo unashuka hadi kwenye meza ya mbao ya sokoni. Kwa maoni yetu hicho ndicho kiini cha ugomvi wote kati ya masoko na miji yetu, na kumkaripia mpokea kodi peke yake ni kumpiga aliye karibu.

Hata hivyo mji hauwezi kubuni kodi unayotaka. Tangu tarehe 13 Machi 2018 kuna orodha ya taifa, katika sheria namba 18/004, inayotaja kodi zinazoweza kutozwa na jimbo na zile zinazoweza kutozwa na mji au komini. Kodi isiyomo katika orodha hiyo haina mguu wa kusimamia. Kitabu hicho kinapatikana. Parokia mbili tatu zinaweza kushirikiana kutafuta nakala.

Mpaka hapa tumeeleza yaliyoandikwa. Sasa yaliyopo. Tarehe 20 Desemba 2023 washauri wa komini walichaguliwa, mara ya kwanza tangu Katiba ya 2006, na katika sehemu tu ya komini za inchi. Uchaguzi wa washauri wa mji, wa mameya na wa maburgumestre uliahirishwa mara kadhaa. Miaka hii yote mameya wamekuwa wa kuteuliwa, na katika Kivu Kaskazini na Ituri, tangu hali ya dharura ya Mei 2021, nafasi hizo zilipewa maofisa wa jeshi na polisi. Wandugu wa Goma na Bukavu nao wanajua, kupita sisi, jinsi vita vya mwaka 2025 vilivyovuruga hata kile kidogo kilichokuwapo.

Matokeo yake si ya kufikirika. Mahali pasipo baraza, ile safari yote tuliyoeleza, orodha, majina, tume, ripoti, kura ya kifungu kwa kifungu, inakatwa katikati. Anayetekeleza ndiye pia anayeamua. Labda ni mtu mwema, tumewajua wema. Lakini hakuna aliyemuuliza mbele ya watu: mbona mara mbili, mbona si nusu, na feza ile itafanya nini? Hapo ndipo inawezekana kodi kuanza kutozwa kwa mdomo.

Na si kweli ya kwamba watu wetu hawawezi. Mwisho wa mwaka 1957, chini ya Wabelgiji, wakaaji wa Léopoldville, Élisabethville na Jadotville walichagua mabaraza ya komini, na mwaka uliofuata Joseph Kasa-Vubu akawa burgumestre wa Dendale. Alianzia kwenye mifereji na masoko mbele ya kuwa raisi. Karibu zaidi nasi, katika Kivu Kusini, komini ya Ibanda na sheferi ya Luhwindja zilijaribu bajeti shirikishi kwa msaada wa Benki ya Dunia: raia waliketi, wakataja miradi, wakachagua ipi itangulie. Wazee na vijana walikaa saa nyingi wakibishana juu ya kisima. Hatuoni tofauti kubwa na mkutano wa parokia unaojadili mabati.

Sisi tulifanya nini na wale mama? Tuliwaomba kwanza waandike. Siku gani, nani aliyepokea, amepokea ngapi, alitoa jetoni au hakutoa. Wawili hawakujua kuandika. Binti wa kwaya aliwaandikia. Tuliandika barua moja kwa meya, fupi, yenye ombi moja: kuonyeshwa azimio au agizo lililoongeza jetoni. Nakala kwa burgumestre, nakala kwa ofisi ya gavana. Tulipeleka barua mbili zinazofanana, moja ikabaki kule, nyingine tukarudi nayo ikiwa na muhuri, tarehe na saini ya aliyeipokea. Muhuri huo wa kupokelewa ni kitu kidogo, lakini bila huo barua yako haikuwahi kuwapo. Mama walisaini wao wenyewe, au kuweka kidole. Sisi hatukutia saini mahali pao, ingawa wao wangependa; soko ni lao, sisi tunanunua tu.

Siku nane zilipita kimya. Mkubwa wao alikuwa anapita kila asubuhi kwenye valve ya ofisi ya mji, ubao ule wa matangazo, kuangalia kama kuna karatasi mpya juu ya soko. Hakukuwa na kitu. Siku ya tisa tuliitwa, yeye pamoja na wenzake wawili na sisi. Msaidizi wa ofisi alifungua faili mbele yetu. Agizo lilikuwapo, limepigwa kwa mashine vizuri, na mahali pa namba palikuwa wazi, mahali pa saini pia. Lilikuwa ni pendekezo bado. Wapokeaji wa sokoni walikuwa wamesikia habari yake wakatangulia. «Basi hii siyo agizo,» mama wa ndagala akasema, kwa sauti ya chini. Msaidizi akanyamaza kidogo, akasema, «Bado, mama.»

Kesho yake jetoni ikarudi kwa bei ya zamani. Feza zilizopokelewa kwa siku zile hazikurudishwa, na barua ya pili, inayoziomba, imepelekwa. Muhuri wake ni wa wiki iliyopita. Nakala iko katika kabati la katibu wa parokia.