Siku Moja Musoma: Tutembelee Nini?

Zamani meli zilizozunguka Ziwa Victoria zilitia nanga Musoma. Abiria aliyetoka Kisumu kwenda Mwanza alipata saa chache za kushuka, kununua samaki na kuutazama mji huku mizigo ikipakuliwa. Siku hizi wengi wetu tunafika kwa basi. Tunakwenda harusini Tarime, tunahudhuria kongamano la akina mama, au tunapita kuelekea Sirari na Kenya. Lakini swali ni lile lile: tuna siku moja tu, twende wapi ili tuwafahamu wenyeji wa nchi hii?

Swali hili tunalijua vizuri kwa sababu tuliwahi kulijibu vibaya. Katika safari yetu ya kwanza tulikuwa akina mama kumi na wawili na basi dogo la kukodi. Tuliandika mahali saba kwenye karatasi, tukawa tunashuka, tunapiga picha, tunapanda. Katika kijiji kimoja tuliona makaburi ya kale chini ya mti mkubwa, tukaingia na kamera zetu. Bibi mmoja alitoka nyumbani kwake, akaitikia shikamoo zetu, kisha akauliza kwa upole, "Wanangu, huko kwenu mtu huingia uani kwa watu bila kupiga hodi?"

Hatukuwa na jibu. Jioni tulipoketi kula, kati ya mahali pote saba tulikumbuka vumbi na swali la yule bibi.

Tangu siku hiyo tuna kanuni moja: tunachagua mahali ambapo wenyeji wenyewe wamefungua mlango na wako tayari kutueleza habari zao. Mahali pawili pa namna hiyo panatosha kwa siku moja.

Butiama: nyumbani kwa watu

Kama una nafasi ya kwenda mahali pamoja tu, nenda Butiama. Kutoka Musoma ni zaidi kidogo ya kilomita 40, na barabara inapita Makutano. Hapo ndipo penye Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule aliofariki. Kuna wahudumu ambao kazi yao ni kupokea wageni na kueleza, kwa hiyo hutakuwa mtu wa kuchungulia.

Wengi wetu tunamjua Mwalimu kama Rais. Butiama inatuonyesha mtoto wa Kizanaki, aliyezaliwa mwaka 1922. Baba yake, Burito, alikuwa chifu mwenye wake wengi. Mama yake, Mgaya, alikuwa mke wa tano. Ukisimama Mwitongo, penye mji wa zamani wa familia, unaona kaburi la Mwalimu na ya wazazi wake hapo hapo miongoni mwa mawe makubwa. Hapo unaanza kuelewa kwa nini mtu aliyekaa Ikulu miaka zaidi ya 20 alirudi kulima kijijini kwao.

Akina mama wa kanisani watapenda kujua kwamba ni yeye huyo aliyeandika Tenzi za Biblia, akiyaweka Maandiko katika mashairi ya Kiswahili, na aliyetafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Alipenda pia kucheza bao. Muulize mhudumu akusimulie juu ya hayo.

Kumbuka tu kwamba Mwitongo ni nyumbani kwa familia na ni mahali pa makaburi. Vaa kwa heshima, punguza sauti, na uulize kabla ya kutoa kamera.

Musoma: shule na mwalo

Ukibaki mjini, kuna Shule ya Msingi Mwisenge. Mwalimu alianza masomo hapo mwaka 1934 akiwa na miaka 12, umri ambao leo wengi wanakaribia kumaliza shule ya msingi. Ukiwa na watoto safarini, waambie jambo hilo. Litawasaidia wale wanaodhani wamechelewa. Lakini Mwisenge ni shule yenye wanafunzi. Pita kwanza ofisini kwa mwalimu mkuu, na akisema leo kuna mtihani, shukuru uende zako.

Kisha shuka Mwigobero, upande wa ziwani. Wenyeji wa mwambao huu, Wajita, Wakwaya na Waruri, wameishi na ziwa kwa vizazi vingi, na utamaduni wao hauko ndani ya kabati la kioo. Uko katika mtumbwi, katika nyavu na katika mikono ya akina mama wanaoanika dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, hivyo wakati wa mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika. Kabla ya kupanga safari tazama mwezi, usije ukakuta chanja tupu.

Mama anayeanika dagaa yuko kazini. Msalimie, nunua hata kisado kimoja, halafu uliza. Sisi tulijifunza kwa mama mmoja namna ya kutambua dagaa waliokauka vizuri: wanavunjika kwa mlio na hawana mchanga. Tulipomaliza ununuzi alituelekeza kwa jirani yake apikaye ugali wa udaga na sato. Chakula hicho nacho ni sehemu ya ziara.

Bunda: habari za Nyakinywa

Anayetoka Mwanza hupita Bunda kabla ya kufika Musoma, na wengi hunyoosha miguu tu stendi wakaendelea. Hata hivyo wilaya hiyo ina nchi ya Waikizu, upande wa Nyamuswa, na Waikizu wana masimulizi yanayotufaa sisi wanawake. Wazee husimulia habari za Nyakinywa, mwanamke aliyekuja kutoka upande wa Usukuma akiwa na elimu ya mvua. Alikutana na mwindaji mwenye moto, wakapimana nguvu, na mwishowe utemi wa Ikizu ukatoka kwa mwanamke huyo.

Habari hizo hazisikiki stendi. Zinahitaji mwenyeji: parokia, usharika, au rafiki aliyezaliwa huko, awaulize wazee siku kadhaa kabla. Wakikubali, nendeni mkakae chini msikilize. Kama hamna mwenyeji, iacheni Ikizu kwa safari nyingine.

Dada mmoja aliwahi kutuuliza kama Mkristo anaweza kusikiliza habari za wafanya mvua na mahali pa mizimu. Tunaona kwamba kusikiliza historia ya watu si kuabudu. Lakini mwenyeji akisema mahali fulani haingii mgeni, basi haingii, hata kama una fedha mkononi.

Yasiyo ya kutazamwa

Kuna jambo moja tunalitaja kwa uzito. Miezi ya mwisho wa mwaka, katika baadhi ya koo za Mara, huwa na misafara ya tohara yenye ngoma na shangwe barabarani. Mgeni hushawishika kusimamisha gari na kupiga picha. Lakini katika baadhi ya misafara hiyo wamo wasichana waliotoka kukeketwa. Tangu mwaka 1998 sheria ya Tanzania inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Makofi yetu na noti tunazotoa humwambia msichana na wazazi wake kwamba lililotendeka ni zuri. Usishangilie, usipige picha.

Vilevile nyumba salama zinazowahifadhi wasichana waliokimbia ukeketaji si mahali pa utalii. Ukitaka kusaidia, uliza kupitia kanisa lako mahitaji yao, utume.

Ukitaka ngoma, zipo nyingi zisizomwumiza mtu. Waombe wenyeji wako wakutafutie mpigaji wa ritungu, kile kinanda kikubwa cha nyuzi cha Wakurya chenye sauti nzito. Patana naye malipo mapema, naye acheze kwa raha yake.

Kabla hamjaondoka

Siku ya kujiandaa, ulizaneni haya: Je, wenyeji wanajua tunakuja? Nani atatueleza, naye ni mtu wa hapo? Fedha yetu itabaki kwa nani? Kuna jambo au mahali tusipopaswa kupiga picha? Na je, sisi tungependa wageni waje kwetu namna hii?

Mara ya pili tulipokwenda tulifika mahali pawili tu, Butiama asubuhi na Mwigobero alasiri. Njiani tulisimama pia katika kile kijiji chenye mti mkubwa, tukapiga hodi. Yule bibi alitukumbuka. Alitutolea viti, akatuambia makaburi yale ni ya nani, mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwa mama mkwe wake alicheka mpaka akajifuta machozi. Hatukupiga picha hata moja, na habari zake tunazikumbuka zote.