Lipu ya chumba cha watoto unaweza kuipiga mwenyewe, ila usiikaushe kwa jiko la mkaa

Njombe. Juni ikifika, mitaa ya Njombe mjini na Makambako hujaa makoti, kofia za sufu na majiko ya mkaa yanayowekwa barazani hadi yashike moto. Jioni majiko hayo huingizwa ndani. Mara nyingi yanaingia kwenye vyumba ambavyo kuta zake bado ni tofali tupu, kwa sababu familia ilihamia bati lilipomaliza kupigwa, na lipu ikaachwa isubiri msimu mwingine wa viazi au parachichi.

Si jambo la kulaumiana. Nyumba zetu hujengwa kwa awamu, na kinachobaki baada ya bati na milango huenda kwenye ada. Lakini ukuta wa tofali za kuchoma usio na lipu hupitisha upepo wa usiku kwenye viungo, hudondosha vumbi jekundu kwenye godoro, na nyufa zake ni makazi mazuri ya wadudu. Mtoto mwenye pumu au kikohozi kisichoisha ndiye wa kwanza kuyaona madhara hayo.

Ndiyo maana wapo wazazi wanaoamua kununua mwiko na kuanza wenyewe, chumba kimoja kimoja, wakianza na cha watoto. Inawezekana. Lipu ni kazi ya mkono, na mkono hujifunza. Kinachowaumiza wanaoanza huwa si ukuta uliopinda, maana ukuta uliopinda unaweza kusuguliwa tena. Wanaumizwa na saruji yenyewe, na zaidi na namna wanavyotaka kukikausha chumba.

Anza na ukuta usioonekana

Usianze na sebule. Anza nyuma ya mlango wa stoo au mahali litakapokaa kabati. Kabla hata ya kununua saruji, changanya mchanga na udongo mfinyanzi kidogo, urushe ukutani kwa mwiko, uusawazishe, kisha uukwangue na kurudia. Jioni mbili za zoezi hilo zitakuokolea mfuko mzima.

Vifaa si vingi: mwiko, kibao cha kusugulia, ubao mrefu ulionyooka au rula ya aluminiamu, pimamaji, karai, chekeche, beleshi na brashi ya kurushia maji. Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, na Njombe mjini, vyote hivi vipo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ongeza glavu za mpira zinazofika juu ya kifundo cha mkono, miwani ya kukinga macho, barakoa na gambuti. Wengi huviruka hivi vinne vya mwisho.

Mchanga uujaribu kwanza. Tia kiasi kwenye chupa ya maji, tikisa, uache utulie. Tope likikaa juu kama tabaka nene, mchanga huo utapasua lipu. Uoshe au utafute mwingine. Uwiano unaofaa ndani ya nyumba ni ndoo moja ya saruji kwa ndoo nne au tano za mchanga uliochekechwa. Mfuko wa kilo 50 hutosha takriban mita za mraba 10 kwa unene wa kama sentimita moja na nusu. Changanya vikavu kwanza hadi rangi iwe moja, ndipo utie maji. Changanya kinachoweza kwisha ndani ya saa moja. Kikianza kukaza usikiongezee maji.

Ukuta upigwe brashi kuondoa vumbi, kisha uloweshwe, maana tofali za kuchoma hunywa maji haraka na kuinyang'anya lipu. Bandika vipande vidogo vya mchanganyiko juu na chini, vipime kwa pimamaji viwe usawa mmoja, vipande hivyo ndivyo vitakuongoza unene. Rusha mchanganyiko kwa mwiko, usiupake kama siagi, kwa sababu nguvu ya kurusha ndiyo inayoushikisha. Kata kwa rula kutoka chini kwenda juu, subiri ukaze kiasi, kisha sugua kwa kibao kwa kuzungusha mkono.

Kwa wenye nyumba za tofali mbichi, kazi ni nyingine. Saruji haishikani vizuri na udongo; hufunga unyevu ndani na baada ya muda hubanduka vipande vipande. Hapo lipu ya udongo uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwa itadumu kuliko ya saruji, na ni rahisi kuirekebisha.

Saruji huunguza bila kupiga kelele

Saruji mbichi ni kemikali kali. Haiumi papo hapo kama maji ya moto, na hilo ndilo tatizo. Mtu hupiga magoti juu ya mchanganyiko uliodondoka, au ukamwingia kwenye gambuti, akaendelea na kazi. Usiku ndipo ngozi inapogeuka nyekundu na kutoa malengelenge. Ikigusa ngozi, vua nguo iliyolowa na osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Ikiingia jichoni, osha kwa muda huo huo kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Chokaa nayo ni vivyo hivyo.

Watoto wasiwepo unapomimina saruji kavu wala unapopiga msasa, na lundo la mchanganyiko lisiwe mahali pao pa kuchezea. Mama mjamzito asibebe mfuko wa kilo 50, hata kama anajiona ana nguvu.

Jiko na ukuta mbichi

Hapa ndipo pa kusoma polepole. Siku ya pili baada ya lipu, chumba huwa cha baridi kuliko kilivyokuwa, kwa sababu ukuta umebeba maji mengi. Wazo linakuja lenyewe: tuingize jiko, ukuta ukauke na watoto wapate joto.

Kwa ukuta, hilo ni kosa. Saruji inakaza kwa kuyatumia maji, haikazi kwa kukaushwa. Ukiyafukuza kwa moto, lipu hupasuka na kubaki unga unga. Inatakiwa kurushiwa maji kwa siku saba. Na kwa kuwa baridi kali huichelewesha saruji, ni busara kuipiga lipu nje ya Juni na Julai, miezi ambayo baadhi ya asubuhi umande huganda mashambani.

Kwa watoto, ni hatari ya kifo. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Wengi huamini kwamba jiko likishakuwa jekundu na moshi umekwisha, ni salama kuliingiza. Moshi umekwisha kweli, lakini gesi bado inatoka. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu, na aliyelala anaweza asiamke kabisa. Watoto wadogo na mimba huathirika zaidi. Watu wawili watatu ndani ya nyumba wakiumwa kichwa kwa pamoja, na nafuu ikaja wakitoka nje, usifikirie mafua: wote watoke, milango ifunguliwe, waende kituo cha afya.

Lipu nayo inabadilisha hesabu. Matundu yaliyokuwa yakiingiza upepo ndiyo hayo hayo yaliyokuwa yakitoa gesi. Familia iliyolala na jiko miaka mitatu kwenye nyumba ya tofali tupu, ikatoka salama, inaweza kudhurika usiku wa kwanza wa nyumba iliyopigwa lipu, dirisha likiwa na kioo na chini ya mlango pamezibwa kwa kitambaa. Kwa hiyo unapopiga lipu, matundu ya hewa yaliyoachwa juu ya madirisha usiyazibe. Mafundi wengine huyaziba ili ukuta upendeze; waambie wayaache, weka wavu. Joto la usiku litoke kwenye mablanketi, soksi, na mtoto mchanga kulala akiwa amevalishwa vizuri.

Baada ya zile siku saba, fungua madirisha mchana, watoto walale chumba kingine wiki chache, na kitanda kikirudi kiachiwe nafasi ya kiganja kutoka ukutani ili ukungu usiote nyuma yake. Rangi isubiri wiki nne, na kwa baridi ya Njombe hata zaidi. Kupima ni rahisi: jioni bandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe, kingo zote zifungwe. Asubuhi ukikuta matone upande wa ndani, ukuta bado.